Vidole Vitano na Jicho Moja

Asubuhi niliyoondoka Area D, pale Dodoma, sikuwa na mpango wa kwenda popote. Nilikuwa na begi la mgongoni na ndoo ya lita tano yenye maji nusu na samaki mmoja, urefu wake kama kidole gumba. Kifuniko cha ndoo nilikuwa nimekitoboa kwa msumari ili apate hewa. Dada yangu alikuwa sebuleni na muuza chipsi wa mtaa wa pili, wanalipima tangi la kioo kwa futi kamba kuona kama litafaa kuwa kabati la chipsi na mayai ya kuchemsha. Nilimsikia yule mtu akisema, "Kioo kizuri, mama, hakina hata ufa." Nilipita nyuma yao, nikafungua geti, nikatoka. Hakuna aliyeniita.

Nimeondoka hivyo mara nyingi. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, niliona lori la vitunguu limesimama mbele ya shule, dereva anatafuta mtu wa kumsaidia kupakua, nikapanda. Tangu siku hiyo nimechoma matofali, nimevuna zabibu, nimelinda maghala, nimekuwa utingo. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kazi inavyokwenda, kisha hamu ikaniisha. Husoma chochote ninachokikuta, gazeti lililofungiwa maandazi, karatasi ya maelezo ya dawa ya ng'ombe. Dada husema nina kichwa cha profesa na miguu ya kichaa.

Lakini siku ile ilikuwa tofauti. Kwingine kote niliondoka kwa sababu nilikuwa nimeshajua ya kutosha. Area D niliondoka kwa sababu kulikuwa na jambo moja nililolijua peke yangu, na sikuweza tena kuishi nalo ndani ya nyumba ile.

Dada alikuwa ameniita nimsaidie na mgonjwa. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa mwili na kelele, na kiharusi kilimwangusha akiwa anafunga turubai. Upande wake wa kulia ulikufa wote, na ulimi pia. Alibakiwa na mkono wa kushoto, macho mawili, na sauti moja tu, "eeh", ambayo maana yake uliijua kwa urefu wake. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, na karibu na kitanda, juu ya meza ya chuma, likawekwa tangi la samaki.

Tangi alilipata kabla ya kuugua. Ofisi moja iliyokuwa inahamia Dodoma ilimkodi abebe samani, na mwisho wa kupakua likabaki tangi lisilo na mwenyewe wa kulipokea. Akaja nalo nyumbani. Safari iliyofuata akaleta kutoka Dar es Salaam samaki wa urembo wa kila rangi. Wakafa mmoja mmoja, maana maji yetu ya Dodoma yana chumvi na hakuna aliyemwambia. Nilipofika walikuwa wamebaki sita, wa rangi ya udongo, kambare wadogo wenye sharubu, ambao muuzaji alimpa kama nyongeza. Aliwaita wafagiaji, kwa kuwa hukaa chini kabisa ya tangi muda wote wakipekua mchanga.

Niliwakuta katika hali mbaya. Walikuwa wanaishi juu ya kokoto zenye makali, na sharubu zao zilikuwa zimesagika hadi kubaki vishina. Watu walikuwa wanawanyima chakula kwa sababu ya lile jina. Mfagiaji si anakula uchafu? Nikaanza kuwachunguza kama ninavyochunguza kila kitu. Nilikaa chini, macho yangu yakiwa sawa na sakafu ya tangi, saa nzima. Nilisoma kwenye simu mpaka bando likaisha. Nilikwenda korongoni nikachota mchanga laini, nikauosha maji baada ya maji mpaka mkono ukatoka safi. Nikaweka pipa chini ya mchirizi wa bati nikinge maji ya mvua yasiyo na chumvi. Niliwalisha kiini cha yai lililochemshwa, na viluwiluwi vya mbu nilivyovichota humo humo pipani. Baada ya miezi michache sharubu zikaanza kuota tena. Sijawahi kufanya kazi iliyonifurahisha kama ile, na sikuwa nalipwa.

Walikuwa na tabia mbili nilizozipenda. Ghafla mmoja angeruka kutoka chini mpaka juu kabisa, akagusa hewa, akarudi mbio kama mtu aliyesahau ufunguo. Na walikuwa wanakonyeza. Samaki hana kope, lakini hawa huzungusha jicho kuelekea chini ndani ya tundu lake, mara moja, haraka, na ukiwa unawatazama huwezi kusema si kukonyeza. Shemeji ndiye aliyeligundua hilo. Siku moja nilimkuta kakaza shingo kuelekea kwenye kioo, anafumba jicho la kushoto na kulifumbua, anafumba na kulifumbua, na ndani ya tangi kuna mmoja anamjibu.

Kila asubuhi, tukishamsafisha na kumgeuza, nilimwinua kichwa juu ya mito miwili ili ahesabu. Aliinua vidole vitano vya mkono wa kushoto, taratibu, kisha akakunja ngumi na kufumba jicho moja. Watano na mmoja. Sita. Hapo ndipo alipokubali kufungua mdomo apewe uji. Asipohesabu, hali. Kuna siku wawili walikuwa wamejibana nyuma ya jiwe, akainua vidole vinne, akafunga mdomo. Dada alibembeleza, akagomba, akalia. Uji ukapoa. Nikaingiza mkono nikalitoa lile jiwe, wawili wakatoka, na shemeji akala bakuli zima.

Tangu siku hiyo sote tulijua. Wale samaki sita ndio waliokuwa wanamlisha.

Mama yake shemeji alikuja kutoka Kibakwe, milimani Mpwapwa, kusaidia kuuguza. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu, na Kiswahili chake kilikuwa na mapigo ya Kigogo. Mimi na dada ni Wasukuma, na Msukuma na Mgogo ni watani. Hakuwahi kuniita kwa jina langu hata siku moja.

"We Msukuma," aliniambia jioni ya kwanza, akiwa amesimama mbele ya tangi, mikono kiunoni. "Samaki sita, watu wanne, mboga hakuna. Unangoja nini?"

"Mama, hawa hawaliwi."

"Msukuma amekaa na samaki, anasema hawaliwi! Mwanangu, umesikia? Dunia imekwisha."

Shemeji alitoa "eeh" ndefu, nusu ya uso ikacheka.

"Na Mgogo kamjulia wapi samaki?" nikamjibu. "Kwenu si vumbi tu?"

"Vumbi la kwenu. Kwetu Kibakwe maji yanashuka mlimani yenyewe, mchana na usiku. Hatusimami na ndoo kungoja bomba likohoe. Mvua ikinyesha ndiyo yanashuka na udongo, basi tunatia shabu, tunakunywa."

Akafungua fundo la khanga yake akanionyesha. Jiwe jeupe lenye kung'aa, kubwa kama yai la bata. Kila mtu wa kwetu anaijua shabu. Unaizungusha kwenye ndoo ya maji machafu, unaiondoa, unasubiri. Tope linajikusanya na kuzama, na maji ya juu yanabaki safi. Mama yangu alikuwa nayo. Jirani yetu alikuwa nayo. Sikuwahi kujiuliza lile tope likishazama linakwenda kwa nani.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa fujo. Bomba kubwa likapasuka mahali fulani, mtaa wetu ukakaa siku tisa bila maji. Mgonjwa wa kitandani anataka maji mengi, shuka na mwili havisubiri. Lile pipa langu la mvua tulilimaliza siku ya tatu, na mbingu, ambazo juzi zilikuwa zinamwaga, zikakauka. Nikanunua maji kwa mtu wa guta, madumu aliyokuwa anajaza korongoni. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Niliyaacha kutwa moja yatulie, hayakutulia.

Nayo maji ya tangi yalikuwa yamepungua na kuanza kunuka. Nikavuta yale mabaya kwa mpira, nikamimina ya korongoni. Sikuwa na mengine. Ndani ya dakika moja tangi zima likawa ukuta wa kahawia.

Asubuhi iliyofuata shemeji aliinuliwa kichwa akatazama. Hakuona kitu. Akasubiri. Kisha akaanza kupiga godoro kwa kiganja, pa, pa, pa, bila sauti nyingine. Uji haukupita. Chakula cha mchana hakikupita. Jioni dada alisimama mlangoni na sahani mkononi.

"Fanya kitu," akaniambia. "Wewe ndiye mtaalamu wao. Mwanamume huyu hajala tangu jana."

Mama akafungua fundo la khanga. "Chukua. Ila kidogo, Msukuma. Zungusha mara tatu, toa. Si sufuria ya ugali hiyo." Akanipa jiwe, akaenda jikoni.

Nililifunga kwa uzi, nikaliteremsha ndani ya tangi, nikazungusha mara tatu. Hapakubadilika kitu. Nikazungusha mara kumi. Shemeji alikuwa ananitazama, mkono umetulia juu ya shuka, na yale macho yalikuwa yananingoja. Nikaendelea. Sijui nilizungusha mara ngapi. Uzi ulikuwa wa kushonea, na pembe za lile jiwe zilikuwa kali; nikahisi wepesi mkononi. Nilivuta uzi ukaja mtupu.

Niliingiza mkono nikapapasa. Nilikutana na mchanga, na mara moja na kitu laini kilichoniponyoka. Nilijiambia kwamba shabu hunywewa na watoto, kwamba itayeyuka tu, na kwamba kama ningeendelea kuvuruga tope lisingezama. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na nilitaka shemeji ayaone maji yakitakata na ajue ni mimi niliyeyatakasa. Nikautupa uzi dirishani.

Wa kwanza kuamka alikuwa mama. Nilimsikia akipiga kigelegele kifupi. "Msukuma! Njoo uone! Maji yametakata kama ya Kibakwe!"

Sijawahi kuona maji safi kama yale. Kioo kilikuwa kama hakipo. Ungeweza kusoma gazeti lililobandikwa upande wa pili. Tope lote la korongoni lilikuwa limeshuka, limetanda chini kama majivu laini, kidole kizima kwenda juu, na chini ndiko wanakoishi wao. Watano walikuwa wamelala ubavu ndani ya yale majivu, midomo wazi, sharubu zimeganda na uji mweupe. Wa sita, mdogo kuliko wote, alikuwa amejibanza juu kabisa, penye mapovu ya pampu ya hewa, anahema.

Mama alikuwa ameanza kigelegele cha pili, kikakatika katikati.

Dada akaja na taulo kichwani. Alitazama tangi, akatutazama. "Nani katia shabu humu?"

Hapo palikuwa na nafasi. Nimeipima mara nyingi ile nafasi. Ilikuwa ndefu kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kusema maneno mawili. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Mimi," akasema mama. "Shabu ni yangu."

"Mama! Umeua samaki wa mwanao?"

"Nilijua itasafisha." Alikuwa ameshika lile fundo tupu la khanga. "Kwetu tunakunywa. Kwetu watu wote tunakunywa."

Nilichukua kikombe nikamtoa yule mmoja, nikamweka kwenye ndoo ya lita tano pamoja na maji ya kunywa yaliyokuwa yamebaki kwenye chupa za shemeji. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Mama hakujua habari ya uzi, na jiwe lilikuwa limeshayeyuka. Aliniona nimeinama, akafikiri ninamsaidia.

Baadaye nilisoma nikaelewa. Shabu nyingi huyageuza maji kuwa makali kama siki, na ule uji mweupe huziba mashavu ya samaki. Ungeitia kidogo kwenye ndoo kwanza, ukachota maji ya juu tu ukawamiminia, wangeweza kupona. Mama alikuwa amesema kidogo.

Maji ya bomba yaliporudi tulisafisha tangi, tukamrudisha yule mmoja. Tulimwinua shemeji. Akatazama kwa muda mrefu sana, kisha akainua kidole kimoja. Akanigeukia.

"Wamejificha," nikasema. "Wapo chini ya jiwe."

Akasubiri. Mtu ambaye hawezi kugeuka mwenyewe anajua kusubiri. Siku ya pili kidole kimoja. Siku ya tatu kidole kimoja, na mimi nikasema tena kuhusu jiwe, ingawa jiwe nilikuwa nimelitoa zamani na yeye alikuwepo nilipolitoa. Siku ya nne hakuinua kidole. Alifumba macho yote mawili. Tangu hapo uji ulikuwa unaingia kwa kijiko na kutoka pembeni mwa mdomo, na mama alikuwa anaufuta kwa khanga huku akimwambia kitu kwa Kigogo, kile kile kila siku. Sikuwa nakielewa, na sikuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

Shemeji alifariki wiki chache baadaye, asubuhi, dada akiwa anachemsha maji. Daktari alisema ni kiharusi cha pili, na ninamwamini. Lakini daktari hakuwahi kumwona akihesabu.

Walimpeleka Kibakwe kumzika. Gari lilipokuja nilisema mtu abaki kulinda nyumba. "Na samaki je, nani atamlisha?" nikaongeza.

Dada alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Samaki mmoja," akasema.

Nilipaswa kwenda, na si kwa undugu tu. Mtani hakosi msiba. Yeye ndiye anayeruhusiwa kucheka makaburini, kulala ndani ya kaburi na kudai kuku ndipo atoke, kuvaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye mpaka wafiwa, wakiwa bado na machozi, wacheke. Ile ilikuwa kazi yangu. Hapakuwa na Msukuma mwingine wa kuifanya zaidi ya dada, na dada alikuwa mjane. Lakini nilibaki Area D nikazunguka nyumba tupu.

Walianua matanga, dada akarudi peke yake. Mama alibaki kwake. Nilimwuliza dada hali ya mama.

"Ataishije?" alisema dada, akivua viatu. "Kila mtu anayekuja kumpa pole, yeye anamsimulia habari ya shabu. Anasema yeye ndiye aliyemnyima mwanawe chakula. Wakimwambia aache, anaanza upya. Halafu aliuliza mtani wake yuko wapi."

"Ulimjibu nini?"

"Nimjibu nini? Nilisema unalisha samaki."

Wiki ile ile akampata mtu wa chipsi wa kulinunua tangi. Simlaumu. Lile tangi lilikuwa linamtazama kila alipokula.

Kwa hiyo nilitoka getini na ndoo. Ningependa kuandika kwamba nilijua ninakwenda wapi. Sikujua. Nilitembea mpaka barabara kuu, nikasimama. Kama lori la kwanza lingekuwa la Singida, leo ningekuwa Singida. Lililosimama lilikuwa limebeba magunia matupu ya alizeti, na utingo akaning'inia mlangoni akapiga kelele, "Mpwapwa! Mpwapwa, mzee, panda, tunaondoka!" Nilipanda juu ya magunia, ndoo katikati ya magoti.

Juu kulikuwa na mama mmoja na mumewe, wana kuku wawili kwenye tenga. Njiani nilifunua kifuniko kila mara kumtazama samaki. Yule baba akachungulia.

"Unauza?"

"Siuzi."

"Hata ukiuza, nani atanunua? Huyo hajazi pengo la jino."

"Mwache," akasema mkewe. "Huoni mtu ana majonzi?"

"Ya kambare?"

"Wewe mwenyewe ulimlilia mbuzi."

Baadaye yule mama aliniuliza kama namrudisha kwao. Nilisema eeh. Nilisikia sauti yangu ikitoka kama ile ya shemeji, na ndipo nilipojua kwamba nitashuka Mpwapwa na kuuliza njia ya Kibakwe.

Nilipanda bodaboda kutoka Mpwapwa. Barabara ilikuwa inapanda na kujikunja, hewa ikawa baridi, na pande zote kulikuwa na mashamba ya maharage na vitunguu yaliyoning'inia kwenye miteremko. Ndoo ilikuwa tumboni kwangu, maji yananilowesha shati. Maji ya mlimani niliyasikia kabla sijayaona. Yalikuwa yanashuka kando ya barabara kwenye mfereji mwembamba, na mama hakuwa ameongeza chumvi katika maneno yake. Yalikuwa safi, mchana kweupe, bila mtu yeyote kuyangoja. Nikamwomba dereva asimame, nikajaza kidogo, kikombe kimoja kwa wakati, ili samaki asishtuke na ubaridi.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye ghala pembeni. Nyuma yake niliona kaburi, udongo bado mwekundu. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amepungua sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Msukuma. Umechelewa. Nilikutafutia jogoo wa faini, nikakuwekea, mpaka akaliwa na wengine."

"Nimechelewa, mama."

"Umebeba nini?"

Niliweka ndoo mbele yake, nikafunua. Akaacha maharage. Yule samaki alitulia chini, kisha akaruka juu, akagusa hewa, akarudi.

"Niliwaua wenzake," akasema.

Nilikuwa nimesimama. Niliona si vizuri kusema nikiwa juu yake, nikachuchumaa. "Mama, si wewe. Uliniambia mara tatu. Mimi nilizungusha mpaka uzi ukakatika, jiwe likaanguka ndani, nikaliacha humo usiku kucha. Nilijua. Dada alipouliza, nilijua."

Aliendelea kutazama ndani ya ndoo. Kuku walikuja wakadonoa maharage pembeni mwa ungo, hakuwafukuza.

"Ulikuwepo niliposema ni mimi," akasema mwishowe.

"Nilikuwepo."

"Ukaniacha nikamzika mwanangu na hilo."

Nilikuwa nimesafiri kutwa na sikuwa nimefikiria hata neno moja la kusema baada ya hapo. Alisimama kwa kujisukuma na kiganja ukutani. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alinyoosha mkono wake mrefu kuelekea ghala.

"Utalala kule. Kuna mkeka. Usiingie ndani mwangu."

Nikainama kuichukua ndoo.

"Hiyo iache."

Aliibeba mwenyewe, kwa mikono miwili, akaiingiza ndani, akafunga mlango. Nilisikia komeo likipita.

Ghala lilikuwa na magunia manne ya mahindi, jembe, na mkeka uliokunjwa. Kulikuwa na tundu dogo ukutani, na ukuta ule ndio uliotenganisha ghala na chumba chake. Nikaweka begi chini, nikatandaza mkeka. Jua lilikuwa bado lipo, linaingia kwenye tundu na kuonyesha vumbi la mahindi. Nilikaa nikatazama mikono yangu. Kisha nikasikia ndoo ikiburutwa upande wa pili, kigoda kikisogezwa, na sauti yake, kavu, ikija kupitia ukutani.

"We Msukuma. Huyu anakula nini?"